Jinsi ya kukagua Ford Thunderbird ya 1955, 1956 au 1957 kabla ya kutoa pesa

Kuna magari ambayo mtu huyapenda kwa macho kabla hajayasogelea. Thunderbird ya watu wawili ni mojawapo: boneti ndefu, taa mbili za nyuma za duara, paa likivuliwa unabaki wewe, mwenzako na anga. Nimeliona likimfanya mtu mzima, mwenye akili zake na watoto wa kusomesha, atoe pesa ndani ya dakika ishirini. Mwongozo huu nimeuandikia mtu huyo, asimame kwanza, alale chini ya gari, ndipo azungumze bei.

Mimi nilijifunza kunyoosha bodi Gerezani, Dar es Salaam, na sasa kazi hiyohiyo naifanya Ohio, ambako barabara humwagwa chumvi kila majira ya baridi. Aliyekulia Mombasa au Tanga anajua upepo wa bahari unavyokula bati. Chumvi ya barabarani ni mbaya zaidi, kwa sababu inarushwa na matairi moja kwa moja kwenye tumbo la gari.

Ford waliionyesha Thunderbird Detroit mwezi Februari 1954, mwaka mmoja baada ya Chevrolet kuonyesha Corvette, na ikaanza kuuzwa Oktoba mwaka huohuo kama gari la 1955. Zote ziliundwa Dearborn, Michigan: 16,155 za 1955, 15,631 za 1956 na 21,380 za 1957. Kisha Robert McNamara, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha magari ya Ford, akataka gari litakalouzika kwa wengi zaidi, na ya 1958 ikatoka na nafasi ya watu wanne. Ndiyo maana miaka hii mitatu tu ndiyo inayotafutwa na wapenzi wa gari la watu wawili.

Jambo moja ulishike tangu sasa. Corvette ya wakati ule ina bodi ya faibaglasi, isiyopata kutu. Thunderbird ina bodi ya chuma juu ya chesisi ya chuma; cha faibaglasi ni lile paa gumu la kuvua tu. Injini yake inajengeka upya, viti vinashonwa, nikeli inachovywa. Gari lililooza chini ndilo litakalokumaliza. Kwa hiyo ukaguzi wetu unaanzia chini kwenda juu, na rangi tutaifikia baada ya chuma.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka nyumbani

Mpigie mwenye gari na umwombe mambo mawili. La kwanza, asiiwashe injini siku hiyo mpaka ufike. Injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa asubuhi. La pili, akutumie picha ya kibati cha namba na ya hati ya umiliki. Akikwepa la pili, usipoteze mafuta yako.

Muulize gari limeishi wapi. Lililokaa Arizona au sehemu kavu za California huwa na chuma kizima, ila jua limekausha raba, turubai na ngozi ya viti. Lililokaa Michigan, Ohio au New York ni kinyume chake. Mimi ningechagua lililokaushwa na jua mara kumi, maana raba hununuliwa kwenye katalogi, na chesisi ndefu iliyooza hainunuliki hivyo.

Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini ili isichubue rangi, tochi, kioo kidogo chenye mpini, bisibisi butu, kipima voti, kipima kompresheni, ovaroli, daftari na kizima moto. Kama kwa muuzaji hakuna lifti, beba jeki na stendi nne. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa kuchungulia tu.

Hatua ya 2: Soma namba

Namba ya gari hili ni fupi na inasomeka kama sentensi. Inaanza na herufi ya injini, kisha tarakimu ya mwaka, kisha F ya kiwanda cha Dearborn, kisha H ya Thunderbird, halafu tarakimu sita za mfuatano. P5FH ni ya 1955 yenye injini ya inchi za ujazo 292, yaani lita 4.8. Mwaka 1956 mambo yanageuka: M6FH ndiyo 292, na P6FH ni injini mpya kubwa zaidi ya 312, lita 5.1. Mwaka 1957 kuna herufi nne: C ni 292, D ni 312, E ni 312 yenye kabureta mbili, na F ni 312 yenye supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Hizo E na F ndizo zinazowatia watu tamaa. Zilizotoka na F ni mia mbili na kidogo tu, na bei yake ni ya dunia nyingine. Vibati vipya vya namba vinatengenezwa na kuuzwa, kwa hiyo kibati peke yake si ushahidi. Namba hiyohiyo iligongwa kwenye chuma cha chesisi. Itafute, isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, ilinganishe na kibati na hati, herufi kwa herufi. Zisipolingana, usilipe hata amana mpaka mamlaka ya usajili ya jimbo iseme neno lake.

Ukiambiwa "namba za injini na gari zinalingana", uliza ni namba zipi. Ford wa wakati ule hawakugonga namba ya gari kwenye injini hizi. Unachoweza kuangalia ni namba na tarehe zilizomo kwenye chuma cha injini chenyewe, kama zinakaribiana na tarehe ya gari. Zaidi ya hapo ni neno la mdomo.

Hapohapo uhakikishe mwaka kwa macho. Ya 1955 ina tairi la akiba ndani ya buti, na ekzosi zake zinatokea kwenye vile vinguzo vilivyosimama kwenye bampa ya nyuma. Ya 1956 ina tairi la akiba nje, limesimama nyuma ya buti, na vijilango vya hewa kwenye fenda za mbele, kwa sababu wateja wa mwaka uliotangulia walilalamikia joto miguuni. Mwaka huohuo ndipo yale madirisha ya duara yalipoanza kupatikana kwenye paa gumu. Ya 1957 ina buti refu lililorudishiwa tairi ndani, mapezi nyuma, grili kubwa zaidi, na rimu za inchi 14 badala ya 15. Ukiona tairi la nje kwenye ya 1955, jua liliongezwa baadaye. Si kosa, lakini muuzaji asikuuzie kama kitu cha kiwandani.

Hatua ya 3: Lala chini

Hapa ndipo utakapotumia nusu ya muda wako wote, na usikubali kuharakishwa.

Jamaa yangu mmoja alinunua ya 1957, nyekundu, inang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Akaileta kwangu nimbadilishie bushi. Nilipoipandisha kwenye lifti nikakuta chini ya zulia kuna bati jembamba la dukani lililopigwa ribiti juu ya sakafu iliyooza, likapakwa lami nene nyeusi, juu yake rangi. Sakafu yenyewe ya Ford ilikuwa imebaki pembezoni tu. Aliyemuuzia alikuwa amemwonyesha kila kitu, isipokuwa tumbo. Kazi ile ilichukua majira yote ya baridi na ikala pesa kuliko injini nzima.

Anza na chesisi. Ni reli mbili za chuma za umbo la boksi, zimefungwa katikati kwa msalaba wa X ulioongezewa nguvu kwa kuwa gari halina paa la kulishika. Boksi linaoza kutoka ndani, nje unaona uzima. Gonga kwa mpini wa bisibisi kila kiganja kimoja, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilichooza hulia kama debe lenye mchanga. Simama zaidi pale reli inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na pale springi bapa zinapofungiwa. Kwenye ya 1956 uangalie mara mbili, kwa sababu uzito wote wa tairi la akiba na chuma chake unaning'inia nyuma kabisa ya ekseli. Ufa, au welding mpya iliyofunikwa lami mbichi, uandike.

Lami mbichi ni neno la kuandika kwa herufi kubwa. Gari la zaidi ya miaka sitini lina haki ya kuwa na tumbo chafu. Likiwa jeusi, laini na linanuka dukani, kuna mtu aliyekuwa na sababu.

Kisha sakafu. Inua mazulia, mbele na nyuma ya kiti, na uangalie kutoka juu na kutoka chini. Maji huingia kwa turubai lililochoka, hulala chini ya zulia, hula sakafu taratibu. Angalia pia sahani inayobeba betri, kwa sababu asidi humwagika, na sakafu ya buti, hasa pembeni.

Halafu vizingiti, yaani zile sehemu za chini ya milango. Kwenye gari la wazi kizingiti kinasaidia kubeba mwili, si pambo. Pitisha sumaku polepole urefu wake wote. Inaposhika kwa nguvu pana chuma. Inapolegea pana puti nyingi, yaani lipu ya kuzibia bati. Inapoanguka hapana kitu. Fanya hivyo pia kwenye sehemu ya chini ya fenda za mbele, nyuma ya tairi, ambako tope hujikusanya na kukaa na unyevu. Kwenye bati la mviringo linalobeba taa za mbele. Chini ya milango. Na kwenye kona ya fenda ya nyuma, kati ya mlango na tairi. Kona hiyo mimi sijaona gari la Ohio lililoiokoa bila kazi.

Paneli zote hizi zinatengenezwa mpya leo. Thunderbird za miaka hii ni miongoni mwa magari ya kale yenye vipuri vingi zaidi Marekani. Kwa hiyo bei ya bati haitakutisha. Itakayokutisha ni saa za fundi za kukata, kupima, kuchomea na kunyoosha ili mlango ufunge kama zamani.

Hatua ya 4: Jaribio la mlango

Simama pembeni, uangalie uwazi kati ya mlango na mwili. Unatakiwa ulingane juu na chini, mbele na nyuma. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, mwili umelala katikati. Sasa weka jeki chini ya reli ya chesisi, nyuma kidogo ya tairi la mbele, inua mpaka tairi liache ardhi, ufungue mlango na uufunge. Uwazi ukibadilika kidogo ni kawaida. Mlango ukikataa kufunga, au ukihitaji kusukumwa kwa bega, chesisi au vizingiti vimekwisha nguvu, au zile raba na vibati vya kati ya mwili na chesisi vimekufa. Raba ni kazi ya wikiendi. Vile viwili vingine ni kazi ya mwaka.

Rudia upande wa pili. Watu wengi husahau upande wa abiria, na ndio mara nyingi uliogongwa.

Hatua ya 5: Rangi, paa na nikeli

Rangi iangalie juani, si ndani ya gereji yenye taa za kupendeza. Tazama kwa mshazari: mawimbi yanaonyesha puti, vipovu vidogo vinaonyesha kutu inayosukuma kutoka chini. Ukikuta kipovu kimoja, jua vilivyo chini ni vingi zaidi.

Paa gumu la faibaglasi litoe. Mwombe mwenyewe mshike wawili, kwa kuwa ni zito na likianguka linapasuka. Angalia nyufa kwenye kona na pale vifungio vinapokaa, kisha mlirudishe na uone kama linakaa bila kulazimishwa. Halafu fungua paa la turubai mpaka mwisho. Wauzaji wengi watasema liko sawa huku limekunjwa nyuma ya kiti. Likunjue, uone viungo vya chuma, mishono na dirisha la plastiki la nyuma. Kama kuna bomba la maji karibu, funga kila kitu, uingie ndani, na mwenzako amwage maji juu ya ukingo wa kioo cha mbele. Matone machache kwa gari la umri huu nayavumilia. Yakitiririka, rudi kwenye sakafu uangalie tena.

Bampa na urembo wa nikeli: mashimo madogo kama ya chunusi hayapolishiki, sharti kuchovya upya, na kuchovya Marekani ni ghali. Hesabu vipande.

Hatua ya 6: Injini, ikiwa baridi

Boneti hufunguka kwa kuelekea mbele, bawaba ziko upande wa grili, kwa hiyo simama pembeni. Weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, ahadi imevunjwa, na uulize kwa nini.

Injini hii huitwa Y-block, kwa sababu bloku yake inashuka chini ya krankshafti hata ukiitazama kwa mbele inafanana na herufi Y. Ni injini nzito, ngumu, yenye sauti ninayoipenda kuliko V8 zote. Ya 1955 ilitoa nguvu farasi 193 kwa gia za mkono na 198 kwa otomatiki. Ya 1957 yenye herufi D ilifika 245. Lakini ina udhaifu mmoja unaojulikana na kila fundi aliyewahi kuifungua: oili ya kwenda juu kwenye roka, ile mikono midogo inayofungua valvu, hupita kwenye njia nyembamba kutoka beringi ya katikati ya kamshafti. Oili za zamani ziliacha matope, njia zikaziba, roka zikakauka na kulika, huku taa ya onyo ya oili kwenye dashibodi ikibaki imezimika kana kwamba mambo ni mazuri, maana chini oili ipo.

Jinsi ya kujua ni rahisi, na usione haya kuomba. Kwanza washa injini ikiwa baridi, usikilize, uiache ipate moto. Mlio mwembamba wa mfululizo kama cherehani ni kawaida, kwa sababu valvu zake zinarekebishwa kwa mkono. Kilio cha chuma kikavu, au mlio unaokua kadiri injini inavyopata moto, si kawaida. Kisha zima, ondoa kifuniko cha valvu upande mmoja, washa tena iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, na utazame roka kwa tochi. Unataka kuona oili ikichuruzika kwenye kila roka, na zaidi ncha zote mbili za shafti. Roka zikiwa kavu na za rangi ya kahawia iliyoungua, una tatizo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Ukikuta kibomba kidogo kilichopitishwa nje ya injini kwenda juu kwenye vifuniko vya valvu, hiyo ni tiba ya kienyeji ya ugonjwa huohuo. Injini inaweza kuishi nayo miaka. Lakini imekwambia kwamba njia ya asili imeziba, na kwamba aliyepita hakutaka kuifungua. Bei ishuke.

Ujue pia kwamba tapeti za injini hii, vile vipande vinavyosukumwa na kamshafti, zimetengenezwa kama uyoga, kichwa kipana kikiwa chini, hazichomoki kwa juu. Kuzibadilisha ni kushusha injini na kuipindua. Kwa hiyo ukisikia tapeti moja imekufa, usihesabu saa mbili za fundi, hesabu injini nje. Na ukishainunua, itilie oili yenye zinki ya kutosha, ya magari ya kale, kwa ajili ya tapeti hizihizi.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda, plagi zote nane nje. Tarakimu yenyewe si muhimu kama kulingana kwake. Silinda saba zikikaribiana na moja ikiwa chini sana, valvu au gasketi inakuita. Muulize kama vichwa vya silinda vimewahi kuwekewa siti ngumu za valvu. Injini hizi zilizaliwa wakati wa petroli yenye madini ya risasi, yaliyolinda siti hizo. Akikuonyesha risiti, ni alama nzuri sana.

Kwenye za 1955 na 1956 angalia kabureta kwa makini. Ile Holley 4000 waliyoiita birika la chai, kwa umbo lake, ina sifa mbaya ya kuvuja petroli juu ya injini yenye moto. Wenye magari wengi wameshaibadilisha, na mimi siwalaumu hata kidogo. Waulize tu kama wameitunza ile ya asili ndani ya boksi. Mipira ya petroli nayo ishike kwa vidole. Petroli ya Marekani leo ina ethanoli, na ethanoli hula mpira wa zamani. Mpira ukiwa laini kama nyama au ukipasuka unapoupinda, usiendeshe gari hilo siku hiyo.

Hatua ya 7: Umeme

Hapa pana mtego mmoja unaounguza mali. Ya 1955 ina umeme wa voti 6, na nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa gari. Za 1956 na 1957 ni voti 12, na nguzo hasi ndiyo iliyofungwa kwenye mwili, kama gari lako la kila siku. Mtu akiiwekea ya 1955 betri kwa mazoea, au akaisaidia kuwaka kwa nyaya za gari lingine, anaharibu vitu.

Pima betri ujue kilichopo leo. Ya 1955 iliyobadilishwa kuwa voti 12 si haramu, ila uliza walifanya nini na geji, mota na redio, maana vyote vilizaliwa na voti 6. Iliyobaki na voti 6 ikiwaka kwa uvivu, angalia nyaya za betri kabla hujalaumu stata: mara nyingi mtu ameweka nyaya nyembamba za voti 12, na voti 6 zinahitaji nene. Hiyo ni kasoro nafuu, na ni ya kuombea punguzo.

Washa taa zote, honi, indiketa, feni. Waipa zinaendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini, si kwa umeme, kwa hiyo zikipunguza mwendo unapokanyaga mafuta usiandike kasoro.

Hatua ya 8: Breki kwanza, barabara baadaye

Breki zote nne ni za ngoma, na masta silinda ina njia moja tu ya mafuta. Maana yake silinda ndogo ya gurudumu moja ikivuja, breki zote nne zinaondoka. Kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima, gari likiwa limesimama. Ikizama polepole, hakuna jaribio la barabarani. Tazama upande wa ndani wa kila tairi kama kuna michirizi ya maji. Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize, breki za wakati huo zilikuwa na asbesto.

Matairi yasome, usiyatazame kashata, yaani mifereji yake, peke yake. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo utakuta kashata kama jipya, mistari myeupe inang'aa, na mpira wenye miaka kumi na tano. Hayo ni ya kutupa.

Ukishapita hapo, endesha. Usukani uurekebishe kwanza, unaingia na kutoka kukufaa, na uone kama kifungio chake kinashika. Barabarani, usukani uwe na ulegevu mdogo. Ukiuzungusha kiganja kizima kabla gari halijageuka, kuna boksi la usukani au viungo vya kubadilisha. Otomatiki yake, Fordomatic, ukikanyaga taratibu huondoka na gia ya pili, kwa hiyo isikushangaze kwamba inajivuta mwanzoni. Ibadilike bila kugonga wala kuteleza, na mafuta yake yawe mekundu yasiyonuka kuungua. Yenye gia za mkono na ovadraivu, yaani gia ya ziada ya mwendo mrefu, hakikisha ovadraivu inaingia na kutoka.

Pita juu ya reli au barabara mbovu kwa mwendo mdogo. Kioo cha mbele na milango vikitikisika kila kimoja na wimbo wake, umeshajua kutoka Hatua ya 4 kinachotikisa ni nini. Kisha simama, iache ingurume dakika kumi, uangalie geji ya joto. Injini hii hupata joto kwenye foleni. Ikipanda na kutulia ni sawa, ikipanda bila kusimama anza na rejeta.

Hatua ya 9: Ipe daraja, ndipo utaje bei

Marekani watu wengi hutumia madaraja ya Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale: 1 ni gari la kushindania tuzo, 2 ni zuri sana, 3 ni zuri la kutembelea lenye kasoro za kuonekana, 4 linatembea lakini limechoka. Kila muuzaji ataliita lake namba 2. Kwa uzoefu wangu mengi ni 3 yaliyooshwa vizuri, na 3 yenye chesisi nzima ndilo gari ninalomshauri mtu anunue, kwa sababu utaliendesha bila kuogopa jiwe.

Kaa kwenye gari lako na daftari. Gawa kasoro mafungu mawili: za kununua kipuri na kufunga, na za kukata chuma. Fungu la kwanza lipigie hesabu kwa katalogi, uliondoe kwenye bei. Fungu la pili likiwa na chesisi ndani yake, funga daftari, mshukuru mwenye gari, uondoke, hata kama mkeo au mumeo ameshachagua skafu ya kufungia nywele. Zipo nyingine, ziliundwa zaidi ya elfu hamsini na tatu, na zinauzwa kila msimu.

Ukiichukua, ipeleke nyumbani juu ya trela. Kabla ya safari ya kwanza badilisha mipira mitatu ya breki, mipira yote ya petroli, maji ya rejeta na oili, na ufunge mikanda ya kiti kwenye chuma kilichoimarishwa chini ya sakafu, kwa fundi anayejua. Ford waliitoa mikanda kama nyongeza kwenye magari ya 1956, na aliyenunua gari hili wakati ule mara nyingi hakuitaka. Wewe itake.